Mabega Kumi na Kichuguu Kimoja

Jana nilikabidhi kasia, jaketi na ufunguo wa banda. Kijana aliyevipokea akaniuliza kama kuna jambo jingine anapaswa kulijua. Nikamwambia lipo, ila si la kusemewa mlangoni. Ndilo hili ninaloandika. Mtanisamehe mwandiko. Shule niliishia darasa la tano, na mikono hii imezoea kushika mti mnene kuliko kalamu.

Vyeo sitaandika, maana havikuwa na faida kwa mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza. Nitaandika jinsi mtumbwi wetu ulivyobebwa, nani waliufanya usibebwe, na kilichotupata. Majina nitayataja. Wenye majina wanaijua njia ya kuja kwangu Ipuli wakitaka kubishana. Mbwa nitamfunga.

Nilifika bwawani, kule mbele ya Itetemia, nikiwa kibarua wa kung'oa magugu maji. Siku ya pili Mzee Mihayo akaniita. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa timu ya makasia ya bwawa: mtu mfupi, mguu mmoja umepinda, sauti haipandi hata akikasirika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Hata mimi. Geuka niyaone mabega."

Akayabonyeza moja moja kama mama anayechagua viazi sokoni.

"Hili la kushoto limebeba nini?"

"Ndoo za maji za mama. Na marobota ya tumbaku."

"Na la kulia?"

"La kulia limepumzika tu, mzee."

"Basi likizo yake imekwisha. Kesho, kabla jua halijatoka."

Nilidhani amenichagua kwa ajili ya mikono. Mikono hakuiangalia kabisa.

Mtumbwi wenyewe ulikuwa wa mbao za mninga, mrefu, wa watu kumi na nahodha wao nyuma. Chini tuliusugua nta ya nyuki mpaka ukang'aa kama paji la uso la bwana harusi. Huku kwetu nta haijawahi kuwa shida. Mipini ya makasia nayo tuliipaka nta iliyochanganywa na majivu kidogo, isiteleze na isichubue. Nyinyi siku hizi mnazungushia mpira wa baiskeli. Mpira nao ni mzuri, ila nta inakufundisha mkono wako ulipo.

Sasa sikilizeni. Banda lilikuwa juu, kwenye udongo mkavu, kwa sababu masika maji yanapanda. Kiangazi yanarudi nyuma mpaka mtu unajiuliza kama bwawa limehama wilaya. Kwa hiyo kila asubuhi mtumbwi ulibebwa mabegani, kutoka bandani mpaka majini, na kurudi. Kiangazi kikikomaa, huo ulikuwa mwendo wa mtu kumaliza rozari nzima akiwa hana haraka. Mgeni akiona alisema hawa watu wanajichosha bure kabla ya kazi. Mzee Mihayo alisema kazi ndiyo hiyo. Kule majini ni kupumzika tu.

Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, wale waliobeba pembe za ndovu na vitambaa vya watu wengine, bara mpaka pwani na kurudi. "Utajiri haukubaki kwetu," alisema. "Iliyobaki ni hatua." Alitufundisha hatua hiyo. Kila bega na namba yake, mbele mpaka nyuma. Moja ndiye kirangozi, yaani anayeongoza mwendo, nchi kavu na majini. Mzee akiita "Mabega!" kila mtu anapiga ubao kofi na kutaja namba yake: moja, nipo, mbili, nipo, mpaka kumi. Mmoja asipoitika, mtumbwi hauinuliwi. Hata kama unamwona amesimama hapo anapiga miayo.

Mimi nilikuwa saba. Mbele yangu, sita, alikuwa Kulwa.

Asubuhi ile ya kwanza sijaisahau. Nimeweka ngata ya majani begani, mtumbwi umepanda, tumeanza kutembea. Mara nikausikia mguu wa Kulwa. Siyo kwa sikio. Niliusikia ndani ya bega langu, umepita kwenye mbao. Halafu wa mtu wa mbele yake. Halafu wote. Kulikuwa na mtu anachechemea kidogo kwa kidonda, nami nilijua ni mguu gani, bila kumwona. Nilikuwa kijana wa kucheka kila kitu, lakini pale sikucheka. Nilijiona kama mtu aliyeingia kanisani kwa makosa, akakuta ibada iko katikati.

Katikati ya njia palikuwa na kichuguu cha mchwa, kirefu kuliko mtu. Hapo ndipo mtumbwi ulituliwa, tubadili bega. Na hapo Mzee Mihayo aliuliza kila siku, bila kukosa: "Kuna mwenye neno?" Mwenye kinyongo na mwenzake alisema hapo, kwa sauti, mbele ya wote. Likiisha ndipo tunainua. Lisipoisha, tunakaa.

Siku moja tulikaa. Jumanne, wa namba tatu, na Mateo, wa namba nane, walikuwa hawasemeshani. Sote tulijua kuna jambo, ila hakuna aliyejua ni nini. Mzee akauliza. Akaketi kwenye kivuli chembamba cha kichuguu, akatoa michembe, viazi vikavu, mfukoni akaanza kutafuna. Jua likatoka, likapanda. Mama Tausi, aliyekuwa anatupikia uji pale ufukweni, akapanda juu kuja kuangalia.

"Jamani, uji umekuwa ugali. Kuna msiba?"

"Kuna watu wana mimba ya maneno," Mzee akajibu. "Tunasubiri wajifungue."

"Mimi ni mkunga," akasema Mama Tausi, akaketi naye.

Mwishowe Jumanne akalipuka. "Huyu Mkristo wa kila Jumapili amelina mzinga wangu! Kule porini, mti una alama yangu!"

"Alama gani? Lile shoka ulilolichora kama kijiko?" Mateo akamjibu. "Niliona kijiko, nikajua ni sadaka!"

Tulicheka mpaka mtu mmoja akalala chini. Mateo akatoa nusu ya asali hapo hapo kwa kiapo. Jumanne akakubali kwamba kuchora hajui. Siku ile mtumbwi ulivyoinuka, wallahi, ulikuwa mwepesi kama kikapu. Na majini sijui niwaelezeje. Kuna hali inakuja mara chache. Makasia kumi yanaingia, maji hayalii, unasikia mluzi mdogo tu chini ya mbao. Hapo hujui tena mkono upi ni wako. Jumanne alikuwa msikitini kila Ijumaa, Mateo mwanakwaya wa Moraviani, mimi Mkatoliki wa Krismasi. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuongea mpaka tulipofika. Mama Tausi akauliza, "Mmeona nini huko?" Tukaomba uji.

Mwezi wa Ramadhani ulipofika, hakuna aliyeambiwa, lakini sisi tusiofunga tuliacha kunywa maji mbele ya wenzetu. Mambo yalikwenda hivyo. Hayakuandikwa popote.

Miaka ikapita. Kulwa akawa namba moja, kirangozi, na hakujawahi kuwa na mwingine kama yeye. Alikulia kwa wajomba zake kando ya Mto Ugalla, akivua na kulina asali. Katika timu nzima yeye peke yake ndiye aliyejua kupiga mbizi. Sisi wengine tulikuwa na ujinga wetu mmoja, nao niuseme sasa maana ndio uliotaka kutuua. Bwawani, sehemu tuliyofanyia mazoezi, maji yalifika kifuani. Mtumbwi ukipinduka, unashusha miguu, unakanyaga tope, unasimama unamtukana aliyesababisha. Miaka yote hilo ndilo tuliloita kujua maji.

Mzee Mihayo alipochoka akanipa unahodha. Aliniambia neno moja tu: "Usije ukaona kubeba ni adhabu." Mwaka uliofuata tukamzika. Mabega kumi yalimbeba, na pale kwenye kichuguu tulimtua kidogo, tukauliza kama kuna mwenye neno.

Sasa wahusika. Wa kwanza ni Bernado Nkwabi, katibu wa timu. Alikuwa mtu wa shati jeupe na kalamu mbili, zote haziandiki. Yeye ndiye aliyeleta mkokoteni wa matairi ya gari.

"Nahodha Shija," akaniambia, "dunia imeendelea. Nyie bado mnabeba kama enzi za pembe za ndovu? Nguvu zibaki kwa ajili ya mashindano!"

Vijana wakashangilia. Na mimi nikashangilia. Begani nilikuwa na maumivu, nani anakataa matairi? Kuanzia wiki ile watu wawili walisukuma, wengine wakaja nyuma na simu zao. Kwenye kichuguu mkokoteni hausimami. Kuitana namba kukafa. Hakuna aliyekukataza. Kulikosa tu pa kukaa.

Wa pili ni mimi. Bernado alikuwa na shemeji yake, Deo, kijana mwenye kifua kikubwa, mikono ya kutosha watu wawili. Akataka awekwe namba moja, akae mbele, apigwe picha vizuri. Nilijua Deo hawezi kuongoza mwendo. Alikuwa anapiga kasia kama mtu anayefukuza mbuzi. Lakini Bernado ndiye aliyeandika majina ya vibarua wa kubaki na wa kuondoka, nami nikamwogopa. Nikamwambia Kulwa arudi namba sita. Kumweleza sababu, sikumweleza. Kulwa akaniangalia, akachukua kasia lake, akahamia. Tungekuwa bado tunabeba, asubuhi iliyofuata angelisema kwenye kichuguu, na mimi ningelijibu mbele ya watu, labda kwa aibu, na Deo angerudi nyuma. Kichuguu tulikipita kwa matairi.

Deo mwenyewe simlaumu. Alipewa kiti, akakaa.

Tukaalikwa mashindano ziwani Tanganyika, mwisho wa ile njia ya misafara. Mtumbwi ulitangulia kwa lori pamoja na mkokoteni wake, sisi tukaenda kwa treni. Nilikuwa sijaliona ziwa lile. Nilipofika ufukweni nilivua kofia kabla sijajua nimeivua. Maji ya buluu mpaka meusi, na ng'ambo kabisa milima ya Kongo, hafifu kama moshi wa jikoni kwa jirani. Jumanne akachutama, akanawa uso, akanong'ona, "Hili limeumbwa, halikuchimbwa." Wenyeji wakatucheka. "Wanyamwezi mmekuja kubeba ziwa?" mmoja akatuuliza. "Tutaanza na wewe," Mateo akamjibu.

Majaketi ya kuokolea yalikuwepo kumi na moja. Bernado akasema yanabana kwapa, yaachwe ufukweni, waliobaki watayatunza. Mimi nahodha nilikuwa nimesimama pale pale. Sikusema kitu. Andikeni hilo pia.

Kwenda tulikwenda vizuri. Tulipozunguka boya ili kurudi, upepo ukatupata ubavuni. Deo akaona mitumbwi mingine iko mbele, akaanza kufukuza mbuzi wake. Wa pili akamfuata, wa tatu akabaki, wa nne akagonga kasia la wa tano. Nyuma ya Kulwa watu walimfuata Kulwa. Mbele yake walimfuata Deo. Mtumbwi mmoja ukawa na mioyo miwili. Wimbi likaingia, la pili likatupindua.

Na sisi, watu wa bwawa, tukashusha miguu.

Nimewahi kuogopa vitu vingi, ila kile siwezi kukifananisha. Unashusha mguu kutafuta tope, hakuna. Unanyoosha kidole, hakuna. Chini ya kidole hakuna kitu, na chini ya hapo hakuna, mpaka kwa Mungu huko. Nilimeza maji, nikashika ubao. Watu wanalia, wanaita mama zao, kila mtu anamkanyaga mwenzake. Boti ya uokoaji ilikuwa upande wa pili, inawasindikiza walioshinda.

Ndipo nikasikia sauti, haikupanda hata kidogo.

"Mabega!"

Alikuwa Kulwa. Sijui kama alidhamiria au lilimtoka tu. Kukawa na kimya cha wimbi moja. Halafu kofi likapiga ubao.

"Mbili, nipo!"

"Tatu, nipo!" Jumanne huyo, anatapika maji.

Ikaja nne, ikaja tano. "Sita, nipo," akasema Kulwa mwenyewe. Saba, nane, tisa, kumi. Watu waliacha kulia ili waitike. Mikono iliyokuwa inavutana ikatafuta ubao wa kupiga, na ilipoupata ikaushika. Hivyo ndivyo tulivyopona, wala si kwa kitu kingine. Lakini moja haikuitika. Deo hakuwahi kufundishwa. Alikuja wakati wa matairi.

Moja ilikuwa namba ya Kulwa miaka mingi. Nilimwona mdomo wake ukifunguka, nikadhani ataiitikia kwa mazoea, na hesabu ingetimia, na sisi tungeridhika. Hakuitika. Alitega sikio kwenye mbao, kama anavyotega mlina asali kwenye mzinga. Kisha akavuta pumzi akazama.

Alikaa chini. Sitasema muda gani, kila mmoja wetu ana hesabu yake. Alipotoka alikuwa amemkamata Deo kwenye kola. Deo alikuwa chini ya mtumbwi, kichwa kwenye nafasi ndogo ya hewa, akitusikia tunaitana, hajui kama anatakiwa kujibu. Kulwa akamgandisha kifua kwenye ubao, akamwambia sikioni, kwa upole kabisa, "Piga hapa. Sema: moja, nipo."

"Moja… nipo," Deo akasema.

Mtu aliyenyang'anywa kiti anamfundisha aliyekikalia jinsi ya kuhesabiwa.

Boti ikaja, ikatukuta tumetulia kama watu wanaosubiri daktari. Ufukweni mkokoteni wa Bernado ulikuwa tayari umeegeshwa. Hakuna aliyetoa amri. Watu wakamwaga maji, wakaingia chini ya mtumbwi, ukapanda mabegani, tukaupita ule mkokoteni tukitetemeka, bila ngata, bila wimbo. Mimi nilisimama mahali pangu pa zamani, saba, nyuma ya Kulwa. Nilimsikia ndani ya bega langu. Wenyeji waliokuwa wanatucheka wakafungua njia. Mzee mmoja akavua balaghashia.

Tulipoutua, ilikuwa zamu yangu kuuliza kama kuna mwenye neno. Sikuuliza. Maana mwenye neno nilikuwa mimi.

Bernado aliandika taarifa kwamba chanzo ni upepo. Upepo haukuacha majaketi ufukweni. Upepo haukuwa na shemeji. Baadaye akahamia kazi nyingine, bado ana shati jeupe. Kulwa alirudisha kasia lake wiki ile ile, likiwa limepakwa nta, akaenda Igalula kufuga nyuki. Nami nikautoa mkokoteni matairi. Mama Tausi anatotoleshea kuku humo. Tukarudi kubeba, tukarudi kuitana, na wote mnaonisoma mlijifunza kuogelea, kwa lazima yangu na matusi yangu. Miaka mitano niliwauliza nyinyi kila asubuhi kama kuna mwenye neno, na langu nikalikalia.

Jana, kabla sijakabidhi, niliomba kubeba mara ya mwisho. Tulipotua kwenye kichuguu nikamwona mtu amekaa kivulini, na Mama Tausi amesimama kando yake, mikono kiunoni. Kulwa. Mvi zimemjaa. Alikuja na treni.

"Nimemwita mimi," akasema Mama Tausi. "Mimba ya miaka mitano haijawahi kuonekana hata kwa tembo."

Nikavua ngata.

"Nina neno," nikasema. "Kulwa, ndugu yangu. Nilikutoa namba moja nikijua Deo hawezi. Nilimwogopa Bernado. Na majaketi niliyaona yakiachwa."



"Nilikuwa nalijua," Kulwa akasema.

"Nilijua unalijua. Lakini nilikuwa sijalisema."

Akainuka taratibu, magoti yakalia. Akavua viatu, akavipanga kando ya kichuguu kama mtu anayeingia msikitini, na yeye si Mwislamu. Neno hilo ni mtumbwi mzito, akasema, kukaa chini miaka mitano. Kisha akamgusa bega kijana wa namba sita, akamsogeza.

"Mabega!"

Moja ikaitika, na mbili, na tatu, sauti changa zote. Ilipofika sita, mbao zikalia kofi nilijualo.

"Sita, nipo."

Nikapiga ubao, nikashindwa kutaja namba. Wakasubiri wote. Hakuna aliyeinua.

"Saba," nikasema. "Nipo."